Wa Kwanza Katikati

Mimi sijawahi kubeti, hata bingo ya kanisani. Ndugu yangu Casimir, ambaye mji wetu mzima wa Toledo, huku Marekani, unamwita Caz, anabeti kabla hajapiga mswaki. Jumapili ile alikuja kwangu kutazama mechi ya besiboli kama kawaida yake. Nikamwekea pierogi, sambusa zetu za Kipolandi za kuchemsha, na soseji, naye akaweka miguu juu ya meza yangu. Nikaichapa kwa mwiko, ikashuka.

Tulikuwa tunamsubiri Tad, mwanangu. Tad ni mrushaji, na klabu yake humwingiza raundi ya tisa, ya mwisho, kufunga mechi. Nilimlea peke yangu. Tangu ana miaka minane nilikuwa nachuchumaa uani na glavu kubwa, yeye anarusha, mimi nadaka, kila jioni kwa miaka kumi. Magoti yangu yaliishia pale. Sheria yetu ilikuwa moja: wa kwanza katikati. Uwe na hofu usiwe nayo, mpira wa kwanza unaupitisha katikati, mpigaji aupige kama anaweza. Baada ya hapo cheza ujanja wako. Watangazaji wanamsifu kwa tabia hiyo, wala hawajui imetoka uani kwangu.

Mwezi wa sita niliwekewa goti jipya la kulia. Bima ilikataa, mshahara wa Tad ulikuwa bado wa anayeanza, Caz akalipa yote. Alisema mkeka wake wa kubeti umetiki, ameshinda. Nililia nikambusu kipara chake mbele ya manesi.

"Hebu niambie," nilimuuliza raundi ya sita, maana mechi ilikuwa imepooza, "hivi mnabeti nini hasa?"

"Kuna ya kizamani, nani atashinda. Hiyo hata babu alibeti."

"Hiyo naijua."

"Kuna ya pointi moja na nusu. Ukiichagua timu kubwa, lazima ishinde kwa mbili au zaidi. Ikishinda kwa moja, wenzako wanashangilia, wewe umeliwa."

"Uonevu huo."

"Ni hesabu, dada Bernie. Kuna juu na chini: hujali nani anashinda, unajumlisha pointi za timu zote mbili. Kampuni ya kubeti inasema nane na nusu, wewe unasema zitazidi au hazitafika. Kuna ya raundi tano za kwanza, kwa wale wanaomwamini mrushaji anayeanza lakini hawawaamini wanaokuja nyuma yake."

"Kama mwanangu, siyo?"

"Mimi sijamtaja mtu! Halafu kuna mkeka. Unaunganisha mechi sita, moja ikikugomea, mkeka umechanika."

"Na wako ukatiki zote sita?"

Akajiongezea soseji. "Mungu naye huwakumbuka wenye vipara."

"Zimeisha?"

"Siku hizi unaweza kubeti mpira mmoja. Huu unaokuja sasa hivi, utakuwa mzuri, yaani upite katikati, au mbaya, uende nje."

"Mpira mmoja! Mjinga gani atabeti hiyo? Anayejua ni yule anayeurusha tu."

Nilisema nikicheka. Caz hakucheka. Caz, ambaye hucheka hata msibani.

Raundi ya tisa Tad akaingia, timu yake ikiongoza kwa pointi mbili. Nikaacha vyombo kwenye sinki nikaja kusimama mbele ya televisheni. Caz akafuta vidole kwenye suruali, akatoa simu, akabonyeza mara mbili, akaifunika chini ya sahani. Tad akavuta kofia, akarusha. Mpira ukapiga vumbi hatua nzima kabla ya kufika, na mdakaji akajitupa kifudifudi kuuzuia.

"Asante Yesu," Caz akanong'ona.

Niligeuka nikamtazama. Mpwa wake kaharibu mbele ya watu elfu arobaini, yeye anamshukuru Yesu.

Hapo nikakumbuka. Alhamisi Tad alianza vilevile, mpira wa kwanza mavumbini. Nilidhani vidole vinamuuma. Nikampigia, nikamwambia azamishe mkono kwenye ndoo ya mchele aufanyishe mazoezi, naye akajibu, "Sawa, Mama." Na sasa alikuwa anarusha mitatu iliyofuata katikati kabisa, mpigaji hakugusa hata mmoja. Mkono ule haukuwa na ugonjwa wowote.

"Nipe simu."

"Bernie, tulia, mwanao anatafuta ushindi."

Niliinua sahani nikaichukua mwenyewe. Ilikuwa bado wazi, kwenye orodha ya alivyobeti. Mpira wa kwanza, mbaya. Mpira wa kwanza, mbaya. Nilihesabu kumi na moja, na wa kwanza kabisa ulikuwa wa mwezi wa tano. Mwezi mmoja kabla ya goti langu.

"Hili goti?" niliuliza, nikiligusa.

"Ungebaki na fimbo, Bernie. Tad ndiye aliyenitafuta. Alisema, Mama amechuchumaa kwa ajili yangu miaka kumi. Tulikubaliana arushe mavumbini mara moja tu."

"Na mara ya kumi na moja, lilikuwa goti la nani?"

Akatazama zulia. "Lako, la kushoto."

Nusura nimrushie sahani. Nilikuwa nimetembea juu ya kitu kile kwenda kanisani, nimecheza nacho polka harusini, nikijigamba.

Mechi ikaisha tukiwa hivyo, timu ya Tad imeshinda, na simu yangu ikalia. Mechi ikiisha, Tad hupiga akiwa chumba cha kubadilishia nguo, na swali lake ni lilelile tangu utotoni.

"Nimerushaje, Mama?"

Nyuma yake wenzake walikuwa wanaimba.

"Wa kwanza ulikwenda wapi, Tad?"

"Uliteleza tu."

"Tad."

Nikasikia mlango ukifungwa, na nyimbo zikakatika.

"Ulikuwa mpira mmoja, Mama," alisema polepole. "Na tumeshinda."

Kwenye friji yangu kuna karatasi ambayo klabu huzipa familia kila mwanzo wa msimu, ina namba ya kupiga mtu akisikia habari za kubeti. Nilikuwa nimeibana kwa sumaku yenye picha ya Tad mwenyewe. Nikaenda kuitoa. Caz akaona, akaruka.

"Watamfungia maisha! Ni damu yako hiyo!"

"Kaa chini," nilimwambia, akakaa.

"Mama?" Tad alikuwa analia sasa, mwanamume wa miaka ishirini na sita. "Mama, nifanye nini?"

Nilitaka kumwambia aache tu, tusahau, hakuna aliyeona. Naapa nilitaka. Nilikuwa nimefungua mdomo.

"Wa kwanza katikati," nilisema. "Nakusomea namba, uandike. Piga wewe kabla sijapiga mimi."

"Nitapoteza kila kitu."

"Najua, mwanangu."

"Na wewe? Utaniangaliaje?"

"Goti umeshaninunulia," nilimwambia. "Litanifikisha popote watakapokuita, nikae nyuma yako. Andika."

Nikamsomea. Alirudia tarakimu moja moja, kwa sauti ile ya miaka minane.