Safu ya Wanaume

Sarim alifika mtaa wa watarizi mjini Lucknow, India, asubuhi akiwa na roho mkononi. Mlangoni kwa Mzee Kudrat alisimama, akaondoka, akarudi, mpaka muuza chai wa jirani akamuuliza kama kapoteza kitu. Si kwamba kazi hakuijua. Babake alikuwa na kiunzi cha kutarizi nyumbani, na vidole vya Sarim vilishika sindano ya ndoano kabla havijashika kalamu. Alichoogopa ni watu. Aliogopa wasije wakamtazama vizuri.

Maana Sarim, tuseme mapema ili tusisumbuane huko mbele, alizaliwa akaitwa binti, akavishwa kibinti, akafundishwa haya za kibinti, na tangu akili yake ianze kukaa sawa alijua kwamba yeye ni mwanamume. Mwaka wa jana alitoroka kwao Sitapur akaja mjini, akapata daktari, akaanza kuchomwa sindano za homoni za kiume. Sasa sauti ilikuwa inavunjika, na vinyweleo vichache vimeota juu ya mdomo, naye alivitunza kama mtu atunzavyo miche. Kifuani alijifunga kitambaa kigumu, juu yake fulana, juu yake shati. Barabarani wengine walimwita kaka, wengine dada, na wengine hawakumwita kitu, waligeuka tu wakamtazama mara ya pili. Hao wa mara ya pili ndio waliomkosesha usingizi.

Kazi aliitafuta mpaka akachoka kuitafuta. Duka la simu walitaka kitambulisho, na kitambulisho kina picha ya msichana aliyejitanda shungi. Mwenye duka akawaita wenzake waje wacheke naye. Hotelini meneja alimwambia, "Sisi tunaajiri wanaume na wanawake. Wewe nenda kaamue kwanza." Tena alisema kwa sauti, mbele ya wateja, mjinga yule! Kwenye ghala la vitambaa mlinzi alimwambia avue shati apekuliwe, na namna alivyofunga mlango kabla ya kusema hivyo ilimfanya Sarim atoke mbio akaacha ndara zake hukohuko.

Na muda ulikuwa umekwisha. Kaka yake mkubwa, Shakil, alishajua aliko. "Ijumaa nakuja kukuchukua," alimwambia kwenye simu. "Kuna mgane kakuposa, kakubali hivyohivyo ulivyo. Kama una kazi ya kukulisha, sawa, baki, nimemwapia mama sitakuburura. Kama huna, unarudi, unaolewa, basi." Shakil si mtu wa kutisha bure. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Karakana za kutarizi zina uzuri wake: haziulizi karatasi, zinauliza mkono. Ndiyo maana Sarim akajikaza kisabuni, akaingia.

Mzee Kudrat, mdomo mwekundu kwa tambuu, alimtazama vidole tu. "Kiunzi hiki kinakaliwa na wawili," akasema. "Ua linaanzia kwako, linaishia kwa mwenzako. Ukiharibu, unaharibu kazi yake. Kwa hiyo jioni mimi simuulizi mwingine, namuuliza yeye. Akisema ndiyo, ndiyo. Akisema hapana, usije ukanililia hapa. Utakaa na Tufail, mpwa wangu."

Loo, Tufail! Katika wanaume watatu waliokuwa mle ndani, huyo ndiye Sarim asiyemtaka. Lallan alikuwa mnene mpole, Wasi alikuwa kimya kazini. Tufail alikuwa kifua wazi, mabega mapana, na ulimi usiolala.

"Karibu, dogo," akasema. "Umeachishwa ziwa lini, jana?"

"Nina miaka ishirini na tatu," Sarim akajibu, na ile "tatu" ikamponyoka ikapanda juu kabisa.

"Mmesikia hiyo? Jogoo kameza filimbi!"

Lallan akacheka mpaka akashika tumbo. Sarim naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo, kisha akainama kwenye hariri akaanza kazi. Jasho lilimtiririka mgongoni kabla hata ya jua kupanda.

Umeme ukakatika, feni ikasimama, na chumba kikawa tanuri. Lallan akavua shati. Wasi akavua. Tufail akamnyoshea kidole. "Na wewe vua, dogo. Utaiva humo."

"Nina vidonda vya moto," Sarim akasema. Uongo huo aliuandaa siku nyingi. "Bado vimefungwa."

"Pole," akasema Tufail, na kumbe alimaanisha, maana hakuongeza mzaha. Wakaendelea. Uzi wa dhahabu ulipita chini, ndoano ikauvuta juu, na jani la upande wa Sarim likakutana na shina la upande wa Tufail bila kupishana hata kidogo. Tufail akalipapasa kwa kidole gumba. "Hm. Mkono unao." Moyo wa Sarim ukachanua. Kwa mara ya kwanza tangu afike mjini alithubutu kufikiri, huenda leo.

Ndipo ikaadhiniwa adhuhuri.

Mzee Kudrat akaondoka kitini. "Haya, tawadheni. Hapa kwangu tunaswali pamoja."

Sarim akaiweka ndoano chini. Alikuwa amejifunza kila kitu, masikini: kutembea akitupa mabega, kukaa akiachanisha magoti, kutema mate pembeni, kumkatisha mtu maneno. Swala hakuwahi kuifikiria hata siku moja. Swala si kitu cha kufikiri, mwili unaenda wenyewe, na mwili wa Sarim ulifundishwa swala na bibi yake akiwa na miaka saba. Na kwao huko mwanamke haswali kama mwanamume. Mwanamume hufunga mikono chini ya kitovu, akisujudu hunyanyua viwiko na kuliachanisha tumbo na mapaja, akikaa hukalia mguu wa kushoto na kuusimamisha wa kulia. Mwanamke hufunga mikono kifuani, husujudu amejikusanya chini mzima mzima, na akikaa hutoa miguu yote miwili upande wa kulia. Mtoto wa miaka kumi akikuona tu, anajua.

Angesema nini? Ana udhuru? Udhuru gani wa mwanamume, asiye na hedhi! Neno hilo tu lingemmaliza. Akatawadha pamoja nao.

Mikeka ikatandikwa kwenye uwazi mwembamba kati ya viunzi. Mzee Kudrat mbele, nyuma yake Wasi, Lallan na Sarim, bega kwa bega, nafasi ikaisha. Tufail alikuwa bado bombani. Sarim akajiambia, watazame, fanya wanavyofanya. Mikono akaifunga chini ya kitovu. Alhamdulillah. Akarukuu vizuri. Kisha wakaenda kusujudu, kipaji cha uso kikagusa mkeka, na kule chini macho hayaoni mtu wa kuigwa. Mwili wake ukajikunja wenyewe: viwiko chini, tumbo juu ya mapaja, kama bibi alivyomfundisha. Akagutuka. Akanyanyua viwiko haraka. Na hapohapo akasikia nyayo zilizolowa maji zikiingia mlangoni, zikasimama nyuma yake. Tufail. Amechelewa, hana nafasi kwenye safu, kajipanga nyuma peke yake, na mbele yake hana kitu cha kutazama ila miguu ya Sarim.

Hofu ina tabia mbaya, inakufanya ukosee kilekile unachokiogopa. Katika kikao cha kwanza Sarim alitoa miguu yote miwili kulia. Alijua anakosea wakati anakosea, na hakuweza kujirekebisha, maana angejirekebisha ingeonekana zaidi. Alikaa hivyo, kidole kimeelekea kibla, na shahada ikamtoka vipandevipande. Yarabi, nifiche, alikuwa akisema ndani kwa ndani. Nifiche leo tu. Kesho nitajua.

Imamu akatoa salamu. Sarim akageuza uso kulia, akageuza kushoto, na nyuma yake Tufail akanyanyuka kuilipa rakaa aliyoikosa.

Hapo ndipo mateso yalipo. Mlango uko nyuma ya Tufail. Kupita mbele ya mtu anayeswali hakufai, hata kama nyumba inakaribia kuungua, na Mzee Kudrat alikuwa amegeuka, kakaa na tasbihi yake, anawatazama wote. Basi Sarim akakaa. Akakaa akimsikiliza Tufail, ambaye alikuwa amemwona, akirukuu, akisujudu, akikaa, bila haraka hata kidogo. Mtu anayejua atakachosema akimaliza hana sababu ya kukimbia.

Tufail akatoa salamu. "Wewe dogo," akasema, "nani kakufundisha kuswali?"

Wote wakageuka.

"Bibi," Sarim akasema. Ilitoka nyembamba.

"Babako alikuwa wapi?"

"Baba hakuwa mtu wa kuswali."

Lallan akapasuka kwa kicheko. "Ndiyo maana! Mimi nilimwona kwa jicho la pembeni kajikunja kama paka jikoni!"

"Swala yenyewe umeswali, au umemchungulia mwenzio?" Mzee Kudrat akamkemea, lakini naye mdomo ulimcheza.

Tufail hakucheka. "Mnacheka nini? Mimi nililelewa na mama na shangazi zangu watatu. Siku ya kwanza msikitini niliswali hivyohivyo, mzee mmoja akanichapa bakora ya mguu mbele ya watu. Mpaka leo naiona sura yake. Hapa hachapwi mtu. Njoo nikuoneshe, dogo."

Jamani, wema nao una wakati wake! Sarim angependa achekwe mpaka jioni kuliko wema ule. Lakini angekataaje? Akasujudu. Tufail akapiga goti pembeni, akamshika viwiko, akavinyanyua. "Hivi. Mwanamume hajifichi mbele ya Mungu. Na tumbo, liachanishe na mapaja." Akapitisha kiganja chini ya kifua cha Sarim ili amnyanyue.

Kiganja kikasimama.

Kitambaa kilikuwa kigumu, kimekazwa, na kidonda hakikazwi namna ile. Chini ya kitambaa moyo ulikuwa unagonga mpaka bila shaka Tufail aliusikia kwenye vidole vyake. Sarim, kipaji mkekani, hakupumua. Alikuwa anaingoja sauti ya kumfichua. Aliwaona Wasi na Lallan wakinyanyuka, aliona mlango ukifungwa kama ulivyofungwa kule ghalani, aliona kila kitu kabla hakijatokea.

"Vipi huko?" Mzee Kudrat akauliza.

Tufail akautoa mkono taratibu. "Kaungua huyu," akasema. "Kafungwa bandeji mpaka mbavuni. Inatosha kwa leo."

Wakala mikate na dengu. Wakarudi kwenye kiunzi, na Tufail hakusema neno. Hakumwita dogo, hakumdhihaki Lallan, hakuimba. Lallan akauliza, "Leo Tufail kameza kufuli?" akarudi kwenye uzi wake. Kimya kile kilimtisha Sarim kuliko mzaha wote wa asubuhi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ungekuja jioni, mzee atakapouliza. Ndoano ikamchoma kidole, akakinyonya haraka damu isidondoke kwenye hariri. Mara mbili alitaka kuinuka aende zake kabla hajafukuzwa. Akamkumbuka yule mgane, akakaa.

Jioni Mzee Kudrat akaja akapapasa kiunzi chote, upande wa huyu na upande wa huyu. "Haya, Tufail. Sema."

Tufail alikuwa anakunja uzi. Akaukunja mpaka ukaisha. "Mkono mzuri," akasema. "Kuliko wa Lallan."

"We, ishia hapohapo!" Lallan akadakia.

"Kwa hiyo ndiyo?"

Tufail akamtazama Sarim, kwa mara ya kwanza tangu adhuhuri. Hayakuwa macho ya chuki, wala hayakuwa ya urafiki. Yalikuwa macho ya mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwingine njiani.

"Ndiyo," akasema. "Ila mambo ya swala niachieni mimi. Mwingine asimguse."

"Kesho asubuhi basi," akasema mzee, akaenda kutafuta tambuu yake.

Sarim hakukumbuka alivyotoka. Alijikuta nje kwenye kichochoro, na Tufail nyuma yake anavaa shati. Akamgeukia. "Kaka Tufail," akasema, "ngoja nikwambie. Mimi, ukweli ni kwamba..."

"Usiniambie!" Tufail alisema hivyo kwa ukali, kisha akatazama mlangoni na kushusha sauti. "Sikiliza. Yule ni mjomba wangu, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Sijawahi kumdanganya nikiulizwa, na sitaanza leo. Sasa hivi mimi sijui kitu. Umenielewa? Niache hivyohivyo, nisijue."

"Na akikuuliza?"

Tufail akafunga kifungo cha mwisho. "Omba asiniulize," akasema, akaondoka zake upande wa sokoni.

Sarim akasimama pale mpaka muuza chai akaanza kufunga. Kisha akatoa simu, akampigia Shakil.

"Nimepata kazi," akasema. "Ya kutarizi. Naanza kesho. Usije."

Shakil akauliza, "Wallahi?"

"Wallahi."

"Sasa kama umepata," kaka yake akauliza, "mbona una sauti ya mtu anayekimbizwa?"

Sarim akasema mtandao ni mbaya, akakata simu.