Bei ya Dada

Msusi ungeweza kumsema mumewe, naye akacheka. Ungeweza hata kuyasema mapishi yake. Lakini umguse Fundi Taratibu, hapo hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Gereji zote zimejaa wezi, husema huku akivuta nywele za mteja mpaka machozi yamlengelenge, ila yule ni mtu na nusu. Hapandishi bei. Na akikufungia kifaa kipya, kile kibovu anakukabidhi mkononi, kimefungwa gazeti, ukione kwa macho yako. Mwizi gani anakupa ushahidi?

Yeye mwenyewe, kusema kweli, hakuwahi kuvichukua hivyo vibovu. "Vyuma chakavu nivipeleke wapi, kaka? Kaa navyo," humwambia, na fundi hucheka, humpigia bei ya dada.

Basi wifi yake, dada wa mumewe, alipotafuta mtu wa kumbadilishia oili, msusi ndiye aliyempeleka. Magari yao yalikuwa sare, aina moja, waliyanunua pamoja, yakipishana rangi tu. Siku hiyo la msusi nalo lilikuwa pale pale gereji, likingoja pampu ya maji. "Mwachie funguo ukalale, wifi," alimwambia. "Huyu akikudanganya, mimi si mke wa kaka yako tena."

Sasa wifi alikuwa amesimama mlangoni mwa saluni, jasho likimtiririka, furushi la gazeti kwapani.

"Gari limechemsha njiani. Mama alikuwa ndani, nampeleka hospitali. Katembea juani, na miguu yake ile."

"Si juzi juzi tu umebadilishiwa pampu?"

"Ndiyo nakwambia! Nimepeleka gari libadilishwe oili, naambiwa pampu imeoza, nikatoa ada ya mtoto. Hiyo mpya yake inavuja kama pakacha. Fundi wako mwizi."

"Mwizi? Twende. Utamwomba radhi mbele yangu."

Walikwenda na gari la msusi, ambalo tangu litoke gereji halikudondosha hata tone. Njia nzima alimsomea mwenzake: mbaazi ukikosa maua husingizia jua, pengine ni uendeshaji wake tu. Wifi alitazama dirishani.

Fundi Taratibu alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. "Dada yangu! Na wifi naye. Karibuni."

"Kaka, mwambie huyu pampu yake ilikuwaje. Anadhani umemwonea."

"Si nilimpa mkononi? Anayo hapo."

Wifi alifungua gazeti, akaiweka pampu juu ya boneti ya gari la msusi. Ilikuwa imeliwa na kutu, uongo dhambi. Na penye ufa palikuwa pamepakwa rangi ya kucha, ya waridi, tabaka juu ya tabaka.

Msusi aliijua rangi ile. Maji yalipoanza kumvujia njiani, yeye mwenyewe alitoa kichupa mkobani, akaipaka pampu yake kwa makini kama anapaka kucha za bibi harusi. Fundi huyu huyu alipoiona alicheka mpaka akakaa chini.

Pampu iliyooza ilikuwa yake yeye. Ya wifi haikuwa na ubovu wowote. Ilikuwa chini ya boneti hiyo hiyo, ndani ya gari lake, ndiyo iliyowaleta hapa bila kudondosha tone. Ameuziwa kwa bei ya dada.

"Kaka," alisema. "Hii si ilikuwa yangu?"

Fundi alimsogelea, akasema kwa upole wake ule ule, "Dada, mambo gani tena? Wewe si nilikufanyia bei nzuri?"

Heri angemtukana. Miaka yote ya kaka na dada, kumbe alikuwa anavishwa kilemba cha ukoka, naye akatembea nacho mji mzima akimletea watu. Alitaka kulia. Alitaka kumpiga na pampu ile ile.

"Ifungue. Mrudishie pampu yake sasa hivi."

Lakini wifi hakuwa anamtazama fundi. Maneno yale ya bei nzuri aliyasikia, na macho yake yalikuwa yametua kwa mke wa kaka yake.

"Wifi, haki ya Mungu sikujua."

"Uliniambia nimwachie funguo nikalale," wifi alisema. "Kumbe bei yako ya dada nililipa mimi."

Akashika njia kwa miguu, juani, kama mama yake asubuhi. Msusi aliliacha gari hapo lilipo, akamkimbilia nyuma akimwita wifi, wifi, mpaka watu wakageuka madukani. Wote waligeuka isipokuwa aliyeitwa.