Rafale Ndani ya Wimbo wa Djo

Adolphine alipomwona Édouard akiingia uani na gitaa mgongoni, alitamani kummwagia maji yaliyokuwa yakichemka kwenye mbabula ya makaa. Hakummwagia. Alimsukumia kiti cha plastiki kwa mguu.

"Kaa. Nimekuita kwa kazi, si kwa salamu."

Miaka zaidi ya ishirini walikuwa hawajakaa pamoja. Adolphine alikuwa ameimba Bukavu mpaka sauti ikaingia kutu. Édouard alikuwa amepigia orkestra za Kisangani na Kinshasa, akarudi Kindu na mvi na jina kubwa. Mji bado uliwaita "wale wawili" kwa sababu ya wimbo mmoja, na Bibiche wa redio alikuwa amewaomba wauimbe tena Jumapili, kwenye baa moja ya kando ya mto. Bibiche alidhani anapatanisha wazee. Masikini, hakujua anatia mkono kwenye mzinga wa nyuki.

Wimbo huo waliutunga wakati wa vita. Treni ilikuwa haiji tena, na wanaume walisukuma baiskeli za mchele kutoka Kibombo ili Kindu ipate kula. Djo, mdogo wake Adolphine, alikuwa mmoja wao. Askari wa kamanda aliyejiita Rafale walimkuta njiani, wakataka baiskeli, naye akaing'ang'ania. Walimpiga risasi, wakaupika mchele wake palepale. Adolphine akaleta maneno, Édouard akaleta gitaa, kama walivyofanya siku zote: mmoja husema mstari, mwenzake huujibu kwa nyuzi, na mstari usiojibika hutupwa. *Njia ya Kibombo, umenifichia nani?* Ndivyo ulivyoanza.

Jina la Djo hawakulitia. Enzi hizo, kumtaja aliyeuawa kulikuwa kujitafutia risasi yako mwenyewe. Waliacha nafasi tupu pale gitaa linapopanda, wakisema wenye msiba watalijaza jina kimoyomoyo.

Siku ya kwanza kuuimba, Rafale akaingia baa na watu wake, akalaza bunduki juu ya meza. Wanamuziki wa kwetu wana desturi yao: mkubwa akiingia, jina lake linatupwa ndani ya wimbo, naye anavimba kichwa. Gitaa likapanda, na kwenye nafasi ileile ya Djo, Édouard akapaza sauti: "Komanda Rafale!" Muuaji akainuka, akacheza. Alicheza kilio cha mtu aliyeuawa na askari wake! Adolphine alishuka jukwaani bila kumaliza ubeti, akaenda zake, na hakumsemesha Édouard tena. Vita vikaisha, Rafale akatokomea kusikojulikana, lakini jina lake likabaki limenata kwenye wimbo, na wimbo ukapendwa kila harusi.

"Jina lile litoke," Adolphine alisema sasa.

"Ya Ado," Édouard alijibu, akimwita dada mkubwa kama zamani, "watu wote wanajua wimbo vile. Hata watoto."

"Watoto wanamuita muuaji wa mudogo wangu, na weye unaniambia watu wanajua?"

"Bunduki ilikuwa juu ya meza."

"Juu ya meza, ndiyo. Alikuomba umuite? Sema, Édouard. Alikuomba?"

Édouard aliinamia nyuzi zake. "Hapana. Niliona mukubwa ameingia, mudomo ukatupa jina. Njo kazi tulizoea."

Hasira ikampanda Adolphine mpaka masikio yakavuma. Laiti angesema aliogopa! Woga ni wa kila mtu, hata yeye aliogopa. Lakini mazoea? Ndugu yake azikwe mara ya pili kwa mazoea ya mdomo, kama mtu anavyopiga chafya?

"Shika gitaa," alisema, maana angeendelea kuongea angemrukia.

Wakaanza. Walipofika kwenye nafasi ile, Adolphine aliimba "Djo". Halikukaa. Gitaa lilipanda ngazi tatu, na jina fupi lilisimama kwenye ngazi ya kwanza peke yake. Wakarudia. Akalivuta, akalirudufu, akalitanguliza. Kila mara nyuzi zilipopanda, mdomo wake mwenyewe, mdomo wa dada wa marehemu, ulikuwa unalisubiri jina la Rafale. Akatema mate chini.

"Si maneno. Gitaa yako njo inamuita. Uvunje pale inapanda."

"Pale?" Édouard aliinuka. "Ya Ado, pale njo palinifikisha Kinshasa. Vijana wote wa hapa wanajifunza gitaa na pale. Ukivunja pale, mimi niko nani?"

"Mimi nilizika muntu pale. Weye ulipata jina."

Édouard alifunga gitaa, akaondoka bila kuaga. Adolphine hakumfuata. Alimtukana mpaka jirani akachungulia, kisha akakaa akalia kwa ghadhabu, kwa sababu peke yake asingeweza. Mji haungeupokea wimbo uliobadilishwa na mmoja wa wale wawili. Wimbo ulimhitaji mtu yuleyule aliyeuharibu.

Asubuhi Édouard alirudi, macho mekundu. Alipiga kipande kipya, kifupi, kinachoshuka badala ya kupanda na kutua kwenye sauti moja. Adolphine akaweka "Djo" juu yake. Likakaa. Hakumshukuru.

Jumapili mchana baa ilijaa mpaka watu wakasimama mchangani. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Ikafika nafasi ile, na vidole vya Édouard, vyenye mazoea kuliko mwenyewe, vikapanda ngazi ya zamani. Baa nzima ikainua chupa: "Rafale!"

Adolphine alizipiga nyuzi kwa kiganja. Orkestra iliyowasindikiza ikanyamaza.

"Rafale ni nani?" aliuliza. "Nyinyi munaoita, niambieni. Ni nani?"

Falone, mwanafunzi aliyekaa mbele, akajibu kwa heshima: "Mama, si njo marehemu? Yule munamulilia."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Kumbe miaka yote hiyo mji wake ulikuwa ukimwombolezea muuaji! Adolphine akausogelea umati.

"Rafale alituma askari," alisema. "Askari waliua mutoto wa mama yangu kwenye njia ya Kibombo, sababu ya baiskeli ya mchele. Marehemu anaitwa Djo. Munataka kuita Rafale? Mumuite. Lakini mujue munamuita nani." Akamgeukia Édouard. "Anza."

Édouard alianza, jasho likimdondoka kwenye gitaa. Nafasi ilipofika, nyuzi zilishuka, zikatua. "Djo," aliimba Adolphine. Hakuna aliyeinua chupa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akicheza alirudi kuketi, na wimbo ule, uliotungwa uwe kilio, ukasikilizwa kama kilio.

Watu walipoanza kuondoka, Édouard alimsogelea. "Ya Ado, nimevunja pale. Unisamehe sasa. Imeisha?"

"Bado. Iko ubeti mumoja unabaki."

"Ubeti unasema nini?"

"Unasema nani alitupa jina la Rafale ndani ya kilio cha Djo, bila kuombwa. Maneno iko tayari. Kesho uje na gitaa."

"Na nani atauimba?"

"Weye."