Mahubiri ya Kumzika Shemeji

Karakana nzima ilimwita Profesa. Alikuwa fundi makochi, mtu wa sponji na pini, na jina hilo lilimganda tangu alipoandikishwa katika chuo cha theolojia kinachofundisha kwa mtandao. Wenzake walimtania sana. "Profesa, kochi hili limeokoka?" mmoja angeuliza akiligonga mgongo. "Bado," mwingine angedakia, "lina pepo la kunguni." Naye alicheka pamoja nao. Lakini wakati wa mapumziko aliingia stoo, akakaa juu ya robota la vitambaa na vipokea sauti masikioni, akamsikiliza mkufunzi akieleza jinsi mitume walivyowaandikia makanisa barua, na hapo hata ukimwita hakusikia.

Hakusoma sana utotoni. Wazazi walifariki angali mdogo, na aliyemlea ni dada yake, ambaye mwenyewe alikuwa msichana tu. Dada alipoolewa alikwenda kwa mume na mdogo wake mgongoni. Majirani walisubiri bwana harusi anune. Hakununa. Alikuwa fundi redio, mtu wa maneno ya kuchekesha, akasema, "Nimeoa mke, nimepewa na mtoto juu. Sasa hapo mwenye hasara ni nani?" Tangu siku hiyo Profesa alimwita shemeji kwa mdomo, lakini moyoni alikuwa baba.

Mchungaji wao alikuwa amezeeka na alitaka kupumzika. Alimwambia Profesa waziwazi kwamba akipata stashahada, angemwachia yeye kanisa. Ndiyo maana alisoma kwa bidii namna ile. Mpwa wake, binti ya dada, ndiye aliyemfungulia ukurasa wa chuo na kumfundisha kupakia kazi zake. "Mjomba, bonyeza mara moja tu," alimwambia kila siku. "Hapo hupigi pini."

Mwaka wa pili likaja somo la kuhubiri. Kila mwanafunzi alitakiwa kujirekodi akihubiri mbele ya watu halisi, kwenye tukio la furaha au la huzuni, kisha aiweke video kwenye ukurasa wa darasa ili mkufunzi aisahihishe na wenzake watoe maoni. Profesa alilisogeza jambo hilo mbele, leo kesho, leo kesho, mpaka siku ya mwisho ikakaribia. Wiki hiyohiyo shemeji yake alianguka dukani, mkononi bado kashika waya, na hakuamka tena.

"Sitaki mchungaji," dada alisema, macho yamemvimba. "Nataka wewe. Mchungaji ataongea habari za marehemu. Wewe utaongea habari zake."

Aliandika mahubiri yale akilia, na machozi yake hayakuwa ya uongo. Lakini alipokuwa anapiga shati pasi, wazo likamjia: kazi ya chuo. Alilifukuza, likarudi. Akajiambia simu haimdhuru mtu, na shemeji mwenyewe alipenda mitambo. Asubuhi ya mazishi alitangulia kanisani, akaiegemeza simu kwenye ukingo wa dirisha, akaielekeza mimbarini.

Alihubiri vizuri. Pengine hajawahi kuhubiri vile tena. Alisimulia jinsi wateja walivyokuwa wanamletea shemeji redio zilizokufa, wakidhani dunia nzima imenyamaza, naye akawaambia, "Redio ikizimika, kituo hakijafungwa. Kule bado wanaimba." Kanisa likaguna kwa pamoja. Katika kiti cha mbele dada alipasua kilio, kilio kirefu kilichotoka tumboni. Na katika dakika hiyo, mdogo wake alitupa jicho dirishani kuona kama simu bado inarekodi.

Jambo hilo aliliona yeye peke yake, na lilipita upesi.

Mkufunzi alimpa alama za juu. Wenzake wa mbali, ambao hakuwahi kuonana nao, walimwaga pongezi. Mmoja tu aliongeza neno: "Mahubiri yamenigusa, ila kuna mama analia sana, anaharibu usikivu." Profesa alilisoma akiwa kazini, vidole vimejaa gundi, kochi la mteja limekaa uchi mbele yake. Alijibu harakaharaka, kwa adabu ya mwanafunzi: "Asante kwa maoni. Samahani kwa kelele hizo. Nitajirekebisha." Akairudisha simu mfukoni, akaendelea kupiga pini.

Msiba ulipopoa na wageni kutawanyika, dada alibaki na nyumba kimya. Mchana mmoja alimwambia binti yake, "Natamani kuyasikia tena yale maneno ya mjomba wako." Binti aliijua njia, maana aliifungua mwenyewe. Akaiweka video, na mama yake akaisikiliza yote, macho amefumba, midomo inafuatisha. Ilipokwisha akafumbua macho. "Na haya yaliyoandikwa hapa chini ni nini?"

Binti alitaka kuifunga simu, lakini mama yake alikuwa ameshaishika.

Jumapili baada ya ibada Profesa aliitwa. Alimkuta dada sebuleni anakunja mashati ya marehemu, moja moja, kama anayeyapeleka safari.

"Kaa," dada alisema. "Nina swali moja. Siku ile ulikuwa unamzika shemeji yako, au ulikuwa unafanya mtihani?"

"Dada, ule ni utaratibu wa chuo. Kila mwanafunzi lazima..."

"Sijauliza habari za chuo."

"Nilikuwa namzika, dada. Wallahi… Mungu ananiona, nilikuwa namzika."

"Basi zile kelele zilikuwa za nani?"

Dada aliendelea kukunja, hakupandisha sauti.

"Yule mwenzako simlaumu, hanijui. Wewe sauti yangu umeijua kabla hujajua kutembea. Unajua ninachokulilia? Maneno yako yalikuwa yananiamsha. Kila asubuhi nilikuwa nayasema kabla sijashuka kitandani. Sasa nikiyasema, naona mtu anayapigia alama."

"Nisamehe, dada."

"Nimesikia," alisema, akachukua shati lingine.

Siku hiyohiyo Profesa aliiondoa video. Akamwandikia mkufunzi, akamweleza yote na kuomba alama zifutwe. Mkufunzi alikuwa mtu mpole. Alimjibu kwamba angemruhusu kuirudia kazi, ila akaongeza: "Kosa lako halikuwa katika mahubiri, ndugu yangu, na mimi sina pa kulisahihishia." Akairudia kwenye ibada ya kawaida, mahubiri makavu kama sponji kuukuu, akapata alama za kuponea tu. Alipomweleza dada, dada alisema, "Sawa." Neno hilohilo alimjibu pia muuza maji.

"Nimeshaomba radhi mara ngapi?" alimlalamikia mkewe. "Nifanye nini tena?"

"Msamaha si bando la simu, mume wangu," mkewe alimjibu, "eti ununue uanze kutumia hapohapo. Mwache mwenzio. Wewe ulisema neno moja, yeye analibeba kila siku."

Alihitimu. Mahafali yalikuwa ya mtandaoni, waumini wakakusanyika kanisani kuyatazama kwenye skrini kubwa. Jina lake liliposomwa, vigelegele vilitikisa mabati. Dada alikuwepo, alipiga makofi kama wengine, na chakula kilipoanza kugawiwa hakuonekana. Mwaka uliofuata Profesa akawekwa wakfu. Watu wanamsifu kwamba kwenye misiba ni mchungaji wa kipekee: hafungui Biblia kabla hajakaa chini na wafiwa, na mtu akilia katikati ya mahubiri, yeye hunyamaza mpaka amalize. Wakimsifu hivyo hutazama pembeni. Angeirudisha sifa hiyo yote kama kungekuwa na mahali pa kuirudisha.

Juzi dada alimpigia simu. Hakusalimia sana. Alitaka mtu wa kumsaidia kuhamisha kabati zito kutoka chumba cha nyuma. Profesa aliacha kila kitu, akaenda. Walilisukuma pamoja, yeye huku, dada kule, "Inua, inua, shusha polepole, vidole vyangu jamani," na kwa dakika chache ilikuwa kama zamani, hata dada akacheka kabati lilipogoma mlangoni.

Kisha akaandaa chakula. Walipokaa, Profesa, kwa mazoea ya kazi yake, akainua mkono kuomba.

"Acha," dada alisema. "Nitaomba mimi."

Akaufunika uso kwa viganja. Aliombea watoto, akaombea majirani, akamwombea mgonjwa mmoja wa mtaani. Mdogo wake akasubiri, kichwa ameinamisha, akitamani kutajwa.

"Amina," dada alisema, akamsogezea sahani. "Kula, kinapoa."