Hotuba ya Mlangoni

Kufikia mwaka wa 1996, Kepher Ogola alikuwa ameichoka filamu yake. Alikuwa akiipiga kidogo kidogo, likizo za shule zinapofika, kwa kamera ya kuazima na mikanda iliyobakizwa na wapiga picha wa Nairobi. Ilitokana na mchezo wa kuigiza alioandika akiwa mwalimu kijana, kuhusu mjane wa mfanyakazi wa majani chai anayetolewa kwenye nyumba ya kampuni baada ya mume kufa. Mjane huyo alikuwa mama yake. Mtoto aliyeng'ang'ania sketi ya mjane alikuwa yeye mwenyewe.

Mchezo ulipendwa Kericho nzima, na kilichopendwa zaidi ni hotuba ya mwisho. Chemutai, au Mama Joan kama wengi walivyomwita, mwuza mitumba mwenye sauti ya kujaza ukumbi bila kipaza sauti, alikuwa akisimama mlangoni na kumkazia macho nyapara: "Mume wangu amelala udongoni, lakini jasho lake bado liko ndani ya kikombe chako!" Kule Mulot wachuuzi wa ng'ombe walipanda juu ya viti kumpigia makofi. Hadi leo akipita sokoni hakosi mtu wa kumrushia maneno hayo.

Sasa lilibaki onyesho hilo moja tu, na mkanda mmoja wa kulipigia. Kampuni iliwakataza kukanyaga laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, kwa hiyo walikuwa Kapsoit, nyumbani kwa kaka yake Chemutai, ambaye aliwaachia jiko lake la zamani walipake chokaa lifanane na nyumba za kampuni. Mvua ya mawe ilipita mchana, ikaacha manyunyu. Isaiah, mpiga picha, aliifunika kamera kwa koti lake na kutetemeka.

Beldina, mama yake Kepher, alikuwa ameletwa kutoka kwao kando ya ziwa kuja kutazama. Tangu vurugu za kikabila za mwaka wa tisini na mbili hakuwa amerudi upande huu, na hata safari hii alikuja kwa sababu alichoka kukataa. Aliketi chini ya paa akichambua maharagwe ya wageni, macho yake yakimfuata Chemutai aliyekuwa akifanya mazoezi ya hotuba. Ilipoisha, akamwita mwanawe.

"Huyu mama ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

"Mimi nilisema hayo maneno yote?"

"Hukusema. Niliyaandika mimi."

"Basi huyo si mimi," Beldina akasema, akarudi kwa maharagwe yake. "Huyo ni wewe."

Kepher alichuchumaa kando yake. Hakuwa amewahi kumuuliza. Alipoandika mchezo ule alikuwa na hasira ya ujana, na alitaka mtu aseme kitu, maana alikumbuka siku ile ilipita kimya.

"Kwani wewe ulifanya nini?"

"Nyapara alikuja kuchukua ufunguo. Alikuwa mtu mpole, hata aliona aibu. Nikampa chai. Halafu nikafunga godoro kwa kamba, nikaliweka pale nje, nikalikalia tungoje gari." Akatupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharagwe. "Nikalala."

"Ulilala?"

"Nililala, Kepher. Wewe ulikuwa unanivuta nguo, unalia, majirani wanaangalia. Nilikusikia kwa mbali. Nikashindwa kufungua macho."

Hapo Kepher akakumbuka. Haikuwa kumbukumbu ngeni. Aliijua siku zote, akaipita kila mara kama mtu anavyopita mbali na nyumba yenye mbwa. Kilichomwumiza siku ile hakikuwa nyapara. Kilikuwa kumwona mama yake mdomo wazi mbele za watu, amelala juu ya mzigo kama mlevi.

Alisimama, akaenda kumwambia Chemutai kwamba hakutakuwa na hotuba, mjane atalala tu juu ya godoro lake.

"Mwalimu, unanitania?" Chemutai akasema. "Miaka kumi nimebeba hayo maneno. Nimeyasema Kedowa nikiwa na homa. Nimeyasema mimba ikiwa miezi minane. Leo kamera iko hapa, unaniambia nilale?"

"Hakusema kitu, Mama Joan. Alilala."

"Na nani atalipa kiingilio aone mtu amelala?"

Isaiah akakumbusha kwamba mwanga unapotea. Chemutai akawapita wote wawili, akaenda moja kwa moja kwa Beldina.

"Mama, ni kweli? Mtoto analia na wewe umelala?"

"Sikuwa nimelala tangu tumzike," Beldina akamjibu. "Mchana wageni, usiku mawazo. Siku hiyo mambo yaliisha. Hakukuwa na kitu kingine cha kuogopa."

Chemutai akabaki amesimama na shati la mjane limelowa mabegani. Alikuwa ameamka kukamua ng'ombe, akafungua kibanda sokoni, akakifunga mapema aje hapa. Hilo hakuna aliyemuuliza.

"Leteni hilo godoro," akasema hatimaye.

Beldina mwenyewe alilifunga, akaonyesha lilivyokaa. Chemutai akaketi, akaegemea ukuta wa chokaa. Isaiah akaanza kupiga. Mwanzoni Chemutai alikuwa akiigiza, kope zikichezacheza. Halafu mkono wake ukateleza kutoka pajani, kichwa kikaanguka upande, na pumzi ikabadilika. Kepher alitazama mpaka macho yakamwuma.

"Mkanda umeisha," Isaiah akanong'ona.

Hakuna aliyemwamsha. Beldina alimfunika kwa leso yake, wakaanza kukunja nyaya kimyakimya.

Filamu ilionyeshwa mwaka uliofuata katika ukumbi wa kanisa mjini Kericho. Watu walijaa, wakangoja hotuba, haikuja. Wengine walipiga mbinja. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kiwandani alimshika Kepher mkono mlangoni, akaubana, akaondoka. Mwalimu mwenzake akamwambia waziwazi, "Umetuharibia mchezo wetu."

Ukumbi ulipobaki mtupu, Chemutai alimkuta Kepher akihangaika na mashine ya kuonyeshea picha, akashika upande wa pili wakainua pamoja.

"Nimejiona," akasema. "Sikujua nimezeeka hivyo."

"Pole."

"Usinipe pole. Ile ingine utakayoandika, niweke kama mtu anayeongea."

"Sina nguvu ya ingine, Mama Joan."

"Sijasema kesho," akamjibu. "Angalia ngazi hapo."