Kinu Ndani ya Furushi

Kwaru, kwaru. Kamba ilikwaruza mti, na Bi Kidawa akaamka kabla jogoo hajawika. Hakuhitaji taa. Alijua mumewe anakaza furushi tena.

Lilikuwa furushi la kukimbilia pangoni. Tangu askari wa Mdachi waanze kuchoma vijiji vya bondeni, kila nyumba katika vilima vya nyuma ya Kilwa iliweka lake karibu na mlango. Mwana wao Salumu alikuwa ameondoka na wenzake waliokunywa maji ya dawa, akawaachia mkewe Siti na kichanga Huseni, mwenye siku tisa tu. Siti bado alikuwa akitembea kwa kushika ukuta. Mumewe Nassibu, mzee wa watu, goti lilimsumbua. Basi mbebaji alikuwa Bi Kidawa: furushi kichwani, mjukuu mgongoni.

Na ndani ya furushi Nassibu alikuwa ametia kinu.

"Mtama bila kinu ni changarawe," alisema, akapiga fundo la mwisho.

Bi Kidawa alikuwa amejaribu kulibeba mara mbili, kwa siri. Shingo ilikataa. Lakini kinu kile Nassibu alimchongea kwa mkono wake mwaka walipooana. Angemwambiaje akiache? Siti naye alikuwa mkwe, na mkwe hamkosoi baba mkwe.

Kulipopambazuka Mboni, jirani yao, aliingia bila hodi. Ukoo wake na ukoo wa Nassibu walikuwa watani tangu mababu. Mtani hukutukana kwako, hukuchukulia kitu chako, na ukinuna aibu ni yako.

"Mzee, unakimbia vita au unahamia kwa mke mdogo?"

"Miguu ya korongo, nani kakuita?"

Mboni alikuwa keshafungua kamba. Akatoa kigoda. "Pangoni kuna mawe, yatakukumbusha kichwa chako." Akatoa mkeka mpya. Kisha akakumbatia kinu, akaguna. "Na hiki?"

"Cha kutwangia."

"Pangoni? Du, du, du, bonde zima lisikie? Askari watakuja kukuuliza kama mboga imeiva!"

Siti alijifunika uso kwa kaniki, mabega yakimtikisika. Nassibu akamtazama mkewe.

"Nilidhani Mama Salumu hataki kukiacha."

"Mimi? Nami nilidhani ni wewe, Baba Salumu!"

"Loo!" Mboni akapiga makofi. "Wazee wazima, mnataka kuvunjana shingo kwa kuoneana haya!"

Asubuhi ile wakautwanga mtama wote palepale uani, Mboni akipokezana mchi na Bi Kidawa, wakaufunga unga tu. Mboni alipotaka kulitoa jembe furushini, Bi Kidawa akamzuia.

"Hilo liache humo. Askari hawataacha kitu. Tukirudi, tutalima kwa kucha?"

Mboni akagonga mpini ukatoka, akatia chuma tu. Bi Kidawa akamwona pia akichomeka kifundo cha chumvi kando ya unga, chumvi ya nyumbani kwake, akijifanya anakaza kamba. Njia ya pwani ilikuwa imefungwa na chumvi ilikuwa adimu kuliko nyama. Bi Kidawa aligeuka akachochea moto, ili mwenzake amalize wema wake bila kuonekana.

Kisha wakajaribu. Huseni mgongoni, furushi kichwani, Bi Kidawa akatembea hadi shamba la mihogo na kurudi. Mkono mmoja ulibaki mtupu. Siti akaushika, wakazunguka nyumba pamoja, polepole, bila ukuta.

"Naweza," alisema Bi Kidawa. "Hata leo."

Mboni alikwishaanza kuondoka, kigoda kwapani.

"Mwizi!" Nassibu akamwita. Mboni hakugeuka. Mzee akajikongoja mpaka mlangoni, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini. "Mtani. Kesho uje tena, wallahi. Bado tuna vitu vingi vya kuibiwa."