Zamu za Wunpini

Akofa alimpenda Wunpini, na hapo ndipo alipoharibu.

Alikuwa mkuu wa waandishi wa programu katika kampuni moja ya kutuma pesa kwa simu pale Accra, na Wunpini, binti wa Kidagomba kutoka Tamale, ndiye mwanamke mwenzake pekee kwenye timu. Wunpini aliporudi kutoka likizo ya uzazi, Akofa alimwondoa kwenye zamu za dharura, zile za kuamshwa usiku mitambo ikizimika, bila kumuuliza. Alijiona mwema kwelikweli. Yeye alipojifungua hakuna aliyemhurumia, akaapa kwamba mtu wake hatateswa hivyo.

Lakini katika kampuni ile mtu hapandi cheo kwa kuandika programu safi. Hupanda kwa kusimama kwenye kikao cha Jumatatu na kueleza alivyofufua mitambo ilipozimika. Wanaume walisimama wakajipigia debe bila haya. Wunpini alikaa kimya mwaka mzima, maana hakuwa na la kusimulia.

Jana wakubwa walikutana kumchagua naibu wa Akofa. Mkurugenzi akasema Wunpini ni hodari, ila hajawahi kuonekana wakati wa shida. Akofa alijua sababu, na sentensi moja tu ingetosha. Akaogopa kuonekana kiongozi asiyejua kupanga watu wake, akajifanya anakoroga chai. Cheo akapewa Kwabena, ambaye nusu ya makosa yake husahihishwa na Wunpini.

Leo mchana Wunpini alimkuta akichezea sahani ya waakye, wali wa kunde, bila hamu, akavuta kiti.

"Madam, wanasema sikuwa nashika zamu. Uliwaambia ni nani aliyenitoa?"

Akofa alieleza kwamba alitaka kumpunguzia mzigo, kwamba mtoto alikuwa bado mchanga. Alijisikia akibwabwaja.

"Mama yangu aliacha shamba lake akaja kunilelea mtoto, ili mimi nifanye kazi," Wunpini alisema, wala hakupandisha sauti. "Ungeniuliza tu, dada yangu."

"Naenda kwa mkurugenzi sasa hivi. Nitamwambia ni mimi."

"Nenda, labda utapata usingizi. Mimi mwezi ujao naanza kazi kwingine." Wunpini akainuka, akarudisha kiti mahali pake. "Na kitu cha kwanza nilichowaomba huko ni zamu."